Kima cha Fremu, na Manukuu Yanayoachwa Njiani

Ukisema unatafuta fremu mjini Musoma, utapelekwa Nyasho au Mukendo ukaonyeshwe chumba cha biashara, na papo hapo mtaanza kuzungumzia kodi ya miezi sita. Mwingine akilisikia neno hilo ataona picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni. Maana ya tatu inaishi ndani ya fremu zile zile za kupanga, kwa vijana wanaohariri video za harusi, kwaya na mahafali: fremu ni picha moja tuli, miongoni mwa picha nyingi zinazopita mbele ya macho kwa haraka hata tukaona mwendo. Maana hizo tatu hazigombani. Anayesema "nimelipia fremu" na anayesema "hapa kuna fremu imeruka" kila mmoja anaeleweka kwa anaozungumza nao, kwa hiyo sioni haja ya kulitafutia neno hili mbadala.

Kulitohoa hakukuwa kosa. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, alitumia njia zote mbili za kuingiza neno geni alipotafsiri tamthilia za Shakespeare. Katika toleo la 1969 jina la mtawala wa Roma alilivisha sauti za Kiswahili likawa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wafanyabiashara wa Venisi aliwapa jina lenye maana, tena lenye hukumu ndani yake: mabepari. Mtunga istilahi naye ana milango hiyo miwili. Fremu imeingia kwa mlango wa sauti, na imekaa vizuri.

Ninalolipinga ni neno linaloandamana nalo. Idadi ya fremu zinazoonyeshwa katika sekunde moja wengi huiita "kasi ya fremu". Napendekeza tuiite kima cha fremu, kama tunavyosema kima cha chini cha mshahara. Najua kima ni mnyama pia, na mkoa wa Mara una misitu yake, lakini hakuna mfanyakazi aliyewahi kuchanganya mshahara na mnyama huyo. Sababu yangu inatoka kazini: neno kasi limewafanya wahariri wengi watafute ugonjwa wa manukuu mahali usipokuwepo.

Nianze na manukuu yenyewe. Ni yale maandishi yanayotokea chini ya picha yakieleza kinachosemwa, ama kwa lugha ile ile ama kwa lugha nyingine. Mitaani husikika "maandishi ya chini", na vijana wengi husema sabutaito. Wapo waliotafsiri neno la kigeni kipande kwa kipande wakapata "vichwa vidogo", neno ambalo halimwambii mtazamaji chochote. Manukuu ndilo bora, kwa sababu linataja kazi inayofanywa: maneno ya mtu yananukuliwa. Na anayenukuu anabeba wajibu. Maneno yakitokea wakati mtu mwingine anazungumza, aliyenukuliwa amevishwa kauli isiyo yake.

Hapo ndipo suala la muda linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Chukua mazungumzo ya wazee wa Kizanaki yaliyorekodiwa Butiama na kuwekewa manukuu ya Kiswahili ili vijana wa Bunda, Tarime au Dar es Salaam wasiojua Kizanaki wayaelewe. Mzee wa kwanza anaeleza jinsi mahari ilivyolipwa zamani, wa pili anampinga. Manukuu yakiteleza kwa sekunde kumi tu, pingamizi la wa pili linasomeka juu ya uso wa wa kwanza. Anayejua Kizanaki ataona kosa. Asiyekijua, ambaye ndiye aliyetengenezewa manukuu, hatajua kamwe.

Sasa turudi kwenye kima. Kuna namba tano ambazo mhariri wa Afrika Mashariki hukutana nazo kila mara: 24, 25, 30, 29.97 na 23.976. Filamu za kimya ziliendeshwa kwa mkono na hazikuwa na kima kimoja. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilibidi utepe uende kwa mwendo usiobadilika, maana sikio halisamehe sauti inayopanda na kushuka, na sinema ikakubaliana juu ya fremu 24. Televisheni ilipokuja ilifuata umeme. Ulaya umeme hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo fremu zikawa nusu yake, 25. Marekani umeme ni wa mizunguko 60, fremu zikawa 30. Mwaka 1953 Wamarekani walipoongeza rangi bila kutaka kuvitupa vipokezi vya zamani, walipunguza kima kwa kipimo kidogo sana ili ishara ya rangi isigongane na ya sauti, 30 ikawa 29.97. Filamu za sinema zinazoandaliwa kwa mfumo huo nazo zikapunguzwa kwa kipimo hicho hicho, 24 ikawa 23.976.

Sisi tulirithi upande wa Ulaya. Umeme wa TANESCO unaofika Musoma ni wa hezi 50. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu siku ya kwanza, ilitumia PAL, mfumo uliobuniwa na mhandisi Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bara ilipopata televisheni katika miaka ya 1990, ITV ikiwamo mwaka 1994, ilifuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kamera nyingi za kazi katika studio zetu zimewekwa 25. Simu za mkononi, kwa upande wake, hurekodi 30 bila kukuuliza. Na filamu za kigeni zinazopakuliwa mtandaoni nyingi ni 23.976. Meza moja ya mhariri wa Bunda inaweza kupokea vima vitatu kabla ya saa sita mchana.

Tatizo linaanza pale video ya kima kimoja inapogeuzwa kuwa ya kima kingine, na hapa ndipo neno kasi linapotupoteza. Kugeuza kima kunafanyika kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Njia ya kwanza ni kupunguza au kurudia fremu. Video ya simu yenye 30 ikigeuzwa kuwa 25, programu hutupa fremu moja katika kila sita. Mwendo wa filamu haubadiliki. Bwana harusi aliyesema "nakubali" katika dakika ya kumi bado anasema "nakubali" katika dakika ya kumi. Manukuu hayahitaji kuguswa.

Njia ya pili ni kuziacha fremu zote na kuziendesha haraka zaidi au taratibu zaidi. Filamu ya sinema yenye 24 ikipelekwa kwenye televisheni ya 25, njia rahisi iliyotumika Ulaya kwa miongo mingi ni hiyo: endesha fremu 25 katika sekunde iliyokuwa ya fremu 24. Kila saa ya filamu inapungua dakika 2 na sekunde 24. Sauti nayo inapanda kidogo, karibu robo tatu ya nusu toni, na wanakwaya wenye masikio makali huitambua. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipotengeneza filamu yao ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, waliitengeneza kwa ajili ya sinema. Kila filamu ya aina hiyo ikiendeshwa kwa 25, nyumbu wale wale wanavuka mbuga ile ile kwa haraka kidogo kuliko walivyovuka mbele ya kamera, na hakuna jicho linalogundua. Faili la manukuu lililopangwa kwa nakala ya sinema ndilo linaloumbuka.

Kwa hiyo katika njia ya kwanza kima kimebadilika na kasi imebaki. Katika ya pili vyote viwili vimebadilika. Tukiviita vyote "kasi ya fremu", mhariri akiona namba 30 imekuwa 25 ataharakisha au kupunguza manukuu ambayo yalikuwa mazima, na ayaharibu kwa mikono yake. Nimeliona likitokea zaidi ya mara moja katika video za harusi. Tukisema kima cha fremu kwa idadi na kasi ya filamu kwa mwendo, swali sahihi linakuja lenyewe: je, urefu wa filamu umebadilika? Kama mwanzo ilikuwa dakika 100 na sasa ni dakika 96, kasi imeguswa. Kama ni dakika 100 zile zile, tafuta kosa kwingine.

Wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video, akina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, hawakusumbuliwa na haya. Sauti ya msimulizi ikisharekodiwa juu ya filamu imefungwa pamoja na picha, ukiiharakisha picha na sauti inakwenda nayo. Manukuu ni faili la pembeni. Aina iliyoenea zaidi, SRT, ni maandishi ya kawaida kabisa: namba ya mstari, saa ya kuanza na saa ya kuisha hadi sehemu ya elfu ya sekunde, kisha maneno. Ndani yake hakuna mahali panapotajwa kima. Faili linajua saa tu, halijui filamu ipi litafuatana nayo. Ipo aina ya zamani, MicroDVD, isiyohesabu saa bali fremu: mstari unaanza fremu ya 2,400 na kuisha fremu ya 2,460. Hilo ukilifungua kwa kima tofauti na kilichokusudiwa linakwenda kombo hata kama filamu haijaguswa, kwa sababu fremu ya 2,400 ni sekunde ya 100 katika kima cha 24, na ni sekunde ya 96 katika kima cha 25.

Mteja akija analalamika husema "maneno hayaendi na picha", na wengi wetu tunaishia hapo, ilhali chini ya lalamiko hilo yamejificha makosa mawili. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoyatenganisha barabara. Fikiria mabasi mawili yanayotoka stendi ya Bweri kwenda Bunda. Basi la pili likiondoka dakika tano baada ya la kwanza na yote yakienda mwendo mmoja, pale Makutano litakuwa nyuma kwa dakika tano, Kiabakari dakika tano, Bunda dakika tano. Hilo limechelewa. Lakini yakiondoka pamoja na la pili likawa na mwendo mdogo, Makutano litakuwa nyuma kidogo, Kiabakari zaidi, na Bunda zaidi sana. Hilo limeachwa. Manukuu nayo ama yamechelewa ama yanaachwa, na kwa upande wa pili ama yametangulia ama yanaacha. Kuchelewa kunatokana na mwanzo: nembo ya kampuni iliyoongezwa, sekunde za giza zilizokatwa. Kuachwa kunatokana na kasi.

Tiba nazo ni mbili. Aliyechelewa anasogezwa: unaongeza au kupunguza sekunde zile zile kwa kila mstari. Ndicho kinachofanywa na vitufe vya G na H katika programu ya VLC, hatua moja ikiwa sehemu 50 za elfu ya sekunde. Anayeachwa hasogezwi, anabanwa au kuvutwa: kila saa iliyoandikwa inazidishwa kwa uwiano mmoja. Nawasihi wanaoanza kazi hii wasiyachanganye haya mawili, maana kumsogeza anayeachwa kunaleta nafuu ya dakika chache na usumbufu wa filamu nzima.

Tuchukue mfano wenye namba. Una manukuu yaliyopangwa kwa nakala ya 23.976, na filamu uliyonayo imeharakishwa kuwa 25. Gawanya 23.976 kwa 25 upate 0.959. Mstari ulioandikwa dakika ya 2 kamili, mhusika anautamka katika dakika 1 na sekunde 55.1. Tofauti ni sekunde tano, unakereka lakini unavumilia. Mstari ulioandikwa saa 1 na dakika 30 unatamkwa katika saa 1, dakika 26 na sekunde 18.8. Tofauti imefika dakika 3 na sekunde 41. Mtu amekufa, amezikwa, na manukuu bado yanamwomba msamaha.

Mtego mkubwa uko pale makosa yote mawili yanapokutana. Tuseme nakala hiyo hiyo imeongezewa nembo za wasambazaji za sekunde 20 mwanzoni. Sasa mstari wa dakika ya 2 unatamkwa sekunde 15 baada ya kuandikwa, manukuu yametangulia. Kadiri filamu inavyoendelea, pengo linapungua. Karibu na dakika ya 8 ya faili, maneno na midomo vinakutana sawasawa, na mtazamaji anashukuru. Kisha yanaanza kuachwa. Anayekagua sehemu moja tu, hasa akiangukia dakika hiyo ya 8, ataapa kwamba faili ni zima.

Ndiyo maana ukaguzi unahitaji sehemu mbili, moja karibu na mwanzo na nyingine karibu na mwisho. Tafuta mstari mfupi unaotambulika bila shaka: jina la mtu, namba, "hapana" inayopigiwa kelele. Andika saa iliyomo kwenye faili na saa unayoisikia kwenye filamu. Fanya hivyo tena karibu na mwisho. Toa saa ya kwanza kwenye ya pili kwa kila upande, kisha gawanya tofauti ya filamu kwa tofauti ya faili. Kwa mfano wetu, filamu inatoa sekunde 5,063.7, faili linatoa 5,280, na jibu ni 0.959. Sekunde 20 za nembo zimejifuta zenyewe kwenye hesabu, kwa kuwa zimo katika saa zote mbili za filamu, nawe umeona kasi peke yake. Ukishabana kwa uwiano huo, ndipo unaposogeza.

Jibu likiwa 1, kasi haina kosa, sogeza tu. Likiwa 0.959 au 0.960, filamu imeharakishwa kutoka 23.976 au 24 kwenda 25, na ili kujua ni ipi kati ya hizo mbili lazima sehemu zako mbili ziwe mbali, maana tofauti hiyo ndogo inazaa sekunde tano na ushei katika dakika 90. Likiwa 1.043 au 1.042, ni safari ya kinyume. Likiwa 0.999 au 1.001, mtu amechanganya 24 na 23.976, kosa la sekunde 3.6 kwa saa, ambalo watu huliona nusu ya pili ya filamu na kulidhania ni uzembe wa mtafsiri. Programu ya bure ya Subtitle Edit hufanya hesabu zote hizi: unaiambia kima cha zamani na kipya, au unaipa zile sehemu mbili nayo inapanga katikati. Hata hivyo ijue hesabu yenyewe, kwa sababu programu haitakuuliza kama filamu imebadilika kasi au kima tu.

Jibu likiwa la ajabu, tuseme 0.983, usilibane faili. Pima sehemu ya tatu katikati. Ukikuta tofauti haikui taratibu ila inaruka ghafla mahali pamoja, filamu imekatwa: tangazo limeondolewa, au onyesho limefutwa. Hapo manukuu yanagawanywa kwenye kidonda na kila kipande kusogezwa peke yake.

Sisi tunaotengeneza filamu zetu wenyewe tunakutana na upande wa pili wa jambo hili. Filamu kuhusu Butiama ikipigwa kwa 25, ikahaririwa kwa 25, manukuu ya Kiingereza yakapangwa kwa 25, yote ni shwari mpaka tamasha au msambazaji aombe nakala ya 24. Fundi akiipunguza kasi, filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 93 na sekunde 45. Neno lililosemwa saa moja kamili sasa linasemwa saa moja, dakika mbili na nusu. Manukuu yasipovutwa pamoja nayo yanakwenda mbele, na mtazamaji wa ng'ambo anasoma jibu kabla swali halijaulizwa. Filamu za Kiswahili zimeanza kutembea: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Zitakazofuata kutoka kanda ya ziwa zitavukia kwenye daraja hili hili, na kwa watazamaji hao manukuu ndiyo sauti pekee ya wazee wetu.

Kubana kuna gharama nyingine ambayo Kiswahili huilipa kuliko Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. "Hawakutuambia" ni neno moja linalobeba sentensi, na macho yanahitaji muda wa kulifungua. Mstari uliopewa sekunde moja kamili ukibanwa unabaki na sekunde 0.96, na mistari iliyokuwa imejaa kupita kiasi inakuwa haisomeki. Baada ya kubana, pitia mistari yote mifupi uipe nafasi, au upunguze maneno.

Simu zina kosa lao la pekee. Nyingi hazishiki kima kimoja: mwanga ukipungua ukumbini, simu inapunguza fremu ili kila moja ipate mwanga wa kutosha, kisha inazirudisha taa zikiwashwa. Programu ya kuhariri inayodhani kima ni kimoja itazipanga vibaya, na hata sauti itaachana na midomo kabla manukuu hayajaandikwa. Video ya namna hiyo igeuzwe kwanza iwe na kima kisichobadilika, programu ya HandBrake huifanya kazi hiyo, ndipo kazi nyingine ianze. Manukuu yakiandikwa kabla ya hapo, hakuna uwiano utakaoyaokoa, kwa sababu hakuna uwiano mmoja.

Kinachobaki ni jambo la dakika moja ambalo lingetuondolea nusu ya shida. SRT haitaji kima, basi tukitaje sisi katika jina la faili: wazee_butiama_kiswahili_25. Filamu ikipunguzwa kasi kwa ajili ya tamasha, faili jipya liitwe _24, na lile la 25 libaki kama lilivyo, bila kufutwa wala kuandikwa juu yake, kwa kuwa faili lililobanwa na kuvutwa mara kadhaa hukusanya makosa madogo kila safari. Anayelipokea Mwanza, Nairobi au Toronto atajua limetoka wapi kabla ya kulifungua.